Kamba Iliyosokotwa Kushoto

Kazi ya wiki ile ilikuwa ngazi za kamba. Kila mlingoti una ngazi upande huu na upande ule, kila ngazi ina vipago vyake, na kila kipago ni uzi mmoja mwembamba unaofungwa mafundo matano. Kushoto alikuwa amekwisha kufunga vipago mia mbili na kumi, amebakiza tisa. Alipitisha uzi kwenye nta, akaushika kwa kibano, akafunga, akakata ncha. Upande wa pili wa meza mama yake alikuwa anachambua maharage kwa kugusa, maana macho yake yalikuwa hayamtumikii tena kama zamani. Vijiwe alitupa kwenye kisahani, maharage kwenye sufuria, na hakukosea hata mara moja.

Meli yenyewe ilikuwa ya mbao, yenye milingoti mitatu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kuanzia begani. Iliagizwa na shule ya mabaharia, ili iwekwe ukumbini ndani ya kabati la kioo. Ilikuwa mfano wa meli yao ya zamani ya matanga, ile ambayo baba yake Kushoto aliifanyia kazi kama fundi wa kamba. Mwalimu aliyeileta kazi hakulijua hilo. Alimchagua Kushoto kwa sababu hakumpata mtu mwingine mjini mwenye subira ya kufunga mafundo elfu mbili bila kutukana.

Jina la Kushoto alipewa na mafundi wenzake. Wao wote walisokota kamba kwenda kulia, yeye akasokota kwenda kushoto, na hakuna aliyeweza kumbadilisha. Alifundishwa hivyo na baba yake, kibarazani, akiwa msichana wa miaka tisa, katika likizo ya mwisho ya baba. Siku nne nzima walisokota kamba moja ndefu, urefu wa nyumba mara mbili, baba ameshika ncha hii na yeye ameshika ile. Aliuliza kamba ni ya nini. Baba akasema, "Ya kazi." Kwa mtoto wa miaka tisa hilo lilitosha kabisa, alitembea mtaani kifua mbele, akitamba kwamba meli kubwa inakwenda baharini na kamba yake. Wiki saba baadaye ilikuja barua ya nahodha. Fundi wa kamba alikuwa amechukuliwa na wimbi alfajiri, akiwa kazini. Barua ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa ukutani juu ya redio.

Tangu siku ile mama alishikilia jambo moja. Viatu vyeusi vya mumewe, ile jozi aliyoiacha nyumbani, vilikaa karibu na mlango, na kila Alhamisi alivipaka rangi. Alisema mtu akitoka baharini hutoka pekupeku, kwa hiyo atataka viatu. Mwoka mikate wa mtaa wa pili alikuja kumposa mara tatu katika muda wa miaka kumi na miwili. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mikono inanukia hamira. Kila mara alifika mlangoni, akaviona viatu vinang'aa, maneno yakamwishia mdomoni. Mara ya tatu aliacha mkate kwenye kizingiti, akaenda kuoa kwingine. Mama hakumlaumu. Alisema tu kwamba mkate ule ulikuwa umeumuka vizuri.

Sasa Kushoto akafunga kipago cha mwisho, akashusha kibano, na mabaharia wakajitokeza melini. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja kimo cha njiti ya kiberiti. Walitokea kwenye mlango wa sitaha ambao yeye mwenyewe aliubandika kwa gundi na ambao haukuwa na bawaba. Wakazipanda ngazi mpya wakizijaribu kwa uzito wa miili yao. Mmoja aliruka-ruka juu ya kipago cha tatu, akatikisa kichwa, akakifungua na kukifunga upya. Kushoto alikasirika kidogo.

"Kuna watu," alisema.

"Wangapi?" mama akauliza.

"Kumi na wawili."

"Basi wametimia." Mama aliendelea na maharage, akachambua kama kiganja kimoja hivi, kisha vidole vyake vikasimama. "Yumo?"

Kushoto alichukua kioo cha kukuza, akapitisha jicho kutoka omo hadi tezi, yaani kutoka mbele ya meli mpaka nyuma. Baba yake alikuwa amekaa kule nyuma kabisa, pekupeku, na fulana ya mistari, sindano ya kushonea tanga ameishika kwa meno. Alikuwa na miaka thelathini na minne, umri uleule aliokufa nao. Kushoto alikuwa na thelathini na tisa. Kumwona baba mzazi akiwa mdogo wake hakukumpendeza sana, lakini hakuwa na la kufanya.

"Yumo," alisema.

Mama alinawa mikono, akaenda chumbani, akarudi amevaa blauzi yake ya kutokea. Akasogeza kiti karibu na meli, akakaa wima na mikono mapajani, kama mtu aliyekwenda kupigwa picha.

Kuanzia hapo kazi za nyumba zilikuwa mbili. Kushoto alifunga kamba, na huku akimsimulia mama yake, kwa sababu watu wa kimo kile mama hakuwaona ila kama vivuli. Anafanya nini sasa? Anaparua nta kwenye kapi, kigurudumu cha kamba. Sasa je? Amepanda juu, anafunga tanga. Ameshika vizuri? Ameshika kwa mkono mmoja, Mama. Hapo mama aliguna na kusema ndivyo alivyo, hajapata kushika kitu kwa mikono miwili. Jirani alikuja kuazima chumvi, akawatazama mabaharia, akauliza wanakula nini. Aliambiwa wanakula chembe za mkate. Akashauri miguu ya meza isimamishwe kwenye vikopo vya maji ili sisimizi wasipande, akachukua chumvi yake, akaondoka. Siku ya pili alirudi kulalamika kuhusu filimbi ya nahodha, kwamba inamwamsha mapema.

Siku ya pili hiyohiyo, baba alikuja ukingoni mwa meli, akaweka mikono kiunoni.

"Mwanangu," alisema, "una kamba?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya ukubwa wa mtu mzima, ila ilitokea chini. Kushoto hakushangaa kwamba amemjua.

"Kamba ipi, Baba?"

"Nyembamba na imara. Sokota kama nilivyokufundisha."

Aliacha kila kitu. Alitoa ubao wake wenye misumari mitatu, akafunga nyuzi tatu za kitani, akasokota kwenda kushoto mpaka kidole gumba kikawa chekundu, akampa. Baba akaivuta, akaijaribu kwa goti, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Akaizungusha duara na kuificha chini ya turubai la tezi. Siku ya tatu akaomba nyingine ya kuunganisha. Siku ya nne vilevile.

Shule ilikuwa imempa Kushoto mchoro, na kwenye mchoro kulikuwa na kamba mia tatu na kumi na mbili, kila moja na namba yake. Alizijua zote kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Hii ya baba haikuwemo.

"Baba, hii haiko kwenye mchoro," alimwambia.

"Ni ya kazi," baba alisema.

Mtu mwingine angeshtuka hapo. Kushoto moyo ulimruka kwa furaha. Jibu lilelile, kwa sauti ileile, baada ya miaka thelathini. Alihisi amerudishiwa kibaraza, jua la asubuhi na ncha ya kamba mkononi. Alisokota zaidi ya alivyoombwa. Hata kamba za shule, zenye tarehe ya kukabidhiwa, aliziweka kando.

Mama alisikia haya yote na uso wake ukawa unalainika siku hadi siku. Siku hiyo ya nne, mchana, alijisogeza mbele na kusema kwa haya, kama msichana, "Mwambie viatu vyake vipo."

"Baba, Mama anasema viatu vyako vipo."

Baba alikuwa anakunja kamba. Aliendelea kukunja, mizunguko miwili au mitatu hivi. "Mwambie asante," alisema.

"Anasema asante, Mama."

Mama alicheka. Mchana kutwa alikuwa jikoni akirudia peke yake, asante, asante, na kugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Jioni aligundua mkebe wa rangi ya viatu umebaki ukoko tu.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi. Mama alikwenda dukani kununua mkebe mpya, akisema hatachelewa. Saa nane mchana nahodha alitia nanga karibu na kopo la sukari, mabaharia wakala mkate wao, wakalala sitahani kofia zimewafunika nyuso. Kushoto alikuwa anafunga kamba namba mia tatu na tano.

Baba yake alitoka chini ya turubai. Alikuwa amevaa koti. Mkononi alikuwa na sanduku, na shingoni amening'iniza jozi ya viatu vipya, amevifunga pamoja kwa kamba zake. Alifunga ile kamba ndefu kwenye tezi, akaitupa chini. Ilipita ukingo wa meza, ikapita kiti, ikafika sakafuni bila kupungua wala kuzidi. Alikuwa ameipima vizuri sana. Hapo ndipo Kushoto alipoitambua. Alikuwa ameisokota mara mbili maishani mwake.

"Baba, unakwenda wapi?"

Baba alikuwa ameshapitisha mguu mmoja nje. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu mwenye haraka.

"Geuka kidogo, mwanangu," alisema.

Ndivyo alivyokuwa akisema zamani, chumba kikiwa kimoja, anapotaka kubadilisha shati. Na Kushoto aligeuka. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo, kwamba angeweza kumzuia kwa vidole viwili, angeweza kumfunika kwa glasi na kumwita mama. Lakini aliyesema alikuwa baba yake, na yeye akageuka, akabaki anatazama barua kwenye fremu juu ya redio. Alisikia kamba ikilia kwa uzito. Alisikia nyayo tupu juu ya mbao za sakafu, ndogo, za haraka. Kisha zikanyamaza, na hapo akashindwa kuvumilia, akatazama.

Baba alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ubavu wa kiatu chake cha zamani, kile kinachong'aa, anavaa vile vipya. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akafunga za cha pili, akajiona kwenye mng'aro wa kile kikubwa na kuweka kola sawa. Pale kwenye uwazi chini ya mlango alisimama mwanamke wa kimo chake, ana mwavuli wa buluu na kikapu.

"Mbona umechelewa?" mwanamke alisema.

"Kamba ilikuwa bado," baba akajibu, akampokea kikapu, wakatoka.

Iliuma. Huyo mwanamke hakumuuma Kushoto kama mtu angedhani. Angekuwa huyu au mwingine, ni mamoja. Kilichomuuma ni mikono yake mwenyewe. Mwanamume mzima alikuwa ametaka njia ya kuikimbia nyumba yake, akaona ataisokotesha kwa mtoto wa nyumba hiyohiyo, wa miaka tisa, kwa siku nne, na kumsifia. Na leo amerudi akasokotesha tena. Hakuona hata haja ya kutunga jibu jipya.

Filimbi ililia. Nahodha aliwapanga watu wake, akahesabu kumi na mmoja. Wote walitazama kamba iliyoning'inia tezini, kisha wakatazama mbele.

"Tuseme nini?" nahodha aliuliza.

"Wimbi," mmoja akasema.

"Bahari ni shwari," akasema mwingine, yule aliyemfungulia Kushoto kipago.

"Nani atauliza?" akasema nahodha.

Nahodha akaketi kwenye pipa, akaandika. Kushoto aliweka kioo cha kukuza juu ya bega la nahodha na kusoma. Ilikuwa barua ileile ya ukutani, neno kwa neno, pamoja na ule mstari ambao mama aliupenda kuliko yote, unaosema marehemu alikuwa akiitaja familia yake kila jioni. Nahodha alihisi kivuli, akainua kichwa.

"Dada, usituone wabaya," alisema. "Wimbi lina heshima zaidi."

"Heshima ya nani?" Kushoto aliuliza.

Nahodha aliikausha barua kwa kuipuliza, akaikunja mara mbili.

Mama alirudi na mkebe mpya mkononi, anahema kidogo kwa ngazi. Alikaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu vyake. "Anafanya nini sasa?"

Kushoto alikuwa na muda wa kutosha wa kuandaa la kusema, dakika arobaini nzima, na alikuwa ameona hakuna jingine.

"Amechukuliwa na wimbi, Mama."

Mama alinyoosha mkono, akapapasa meza taratibu, kuanzia kwenye kopo la sukari mpaka ukingoni, akarudi. Alisugua vidole vyake pamoja. Vilikuwa na unga wa mbao, vikavu.

"Alikuwa na viatu?" aliuliza.

Kushoto alikuwa amechoka, na la viatu hakuwa amelifikiria. Likamtoka kabla hajalishika. "Alivining'iniza shingoni."

"Vipya?"

"Vipya."

Mama aliweka mkebe juu ya meza. Alikaa hivyo mpaka maharage yalipoanza kuungua, na hata yalipoungua, aliyekwenda kuinjika sufuria nyingine ni Kushoto. Viatu havikupakwa rangi siku ile. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza.

Mwalimu wa shule ya mabaharia alikuja Jumatatu na mchoro wake na kalamu. Alihesabu kamba zote, akapiga alama, akafika tezini na kukunja uso.

"Kuna moja imezidi hapa."

"Nitaitoa," Kushoto alisema.

"Na watu? Kumbukumbu zetu zinasema kumi na wawili. Hapa naona kumi na mmoja."

"Mmoja alishuka."

"Yule hakushuka, alitwaliwa na bahari. Ndiyo sababu ya sherehe yenyewe." Mwalimu alifungua mkoba, akatoa kibao cha shaba cha kubandika chini ya meli. Jina la baba lilichongwa hapo, kwa herufi nzuri zenye mikia, na maneno kwamba alifia kazini, awe mfano kwa vijana. Kushoto akamweleza: kwamba huyo ni baba yake, kwamba alimwona kwa macho yake, mchana kweupe, akishuka na sanduku. Alimwonyesha kamba. Mwalimu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sina shaka na maneno yako hata kidogo," alisema. "Ila kibao kimeshachongwa."

Wakabandika kibao. Mwalimu akampa Kushoto mkono, akamwambia kwamba sasa anaelewa kipaji kile kilitoka wapi, akaichukua meli kwa mikono miwili. Mabaharia kumi na mmoja walishikilia kamba walipokuwa wanateremshwa ngazi, na nahodha alipiga saluti kila kona.

Meza ilibaki tupu, isipokuwa kamba moja. Alhamisi iliyofuata mama alikaa kwenye kiti chake, akamwambia Kushoto amfungulie mkebe.

"Bado unavipaka?" Kushoto aliuliza.

"Nimeshaununua."

Alipaka kimoja, akapaka kingine, akavisugua kwa kitambaa mpaka dirisha likaonekana ndani yake. Alipovisogeza kando mkono wake uligusa kamba. Akaiokota. Aliipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama anavyochambua maharage, kuanzia ncha hii, na alipofika katikati alijua imesokotwa kwenda kushoto.

"Hii umeisokota wewe."

"Mimi, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Mama aliendelea kuipapasa. "Na ile ya kibarazani?"

"Ile nusu yake. Ncha nyingine alishika yeye."

"Siku nne," mama alisema.

"Siku nne."

"Mimi nilikuwa nawaletea chai," mama alisema. "Nilikuwa nawaambia mpumzike, mtaumia mikono, na nawaletea chai."

Aliikunja kamba duara dogo, akaiingiza ndani ya kiatu cha kulia, mpaka mbele kabisa panapokaa vidole. Kisha akaomba apewe kitambaa, maana alikuwa amekishika kiatu tena na kukiachia alama za vidole.